Sifuri ya Wamono

Jumamosi, 23 Mei

Mimi ndiye mpiga tarumbeta anayelipwa vizuri kuliko wote kati ya Jinja na Mbale. Nimelisema hilo leo mbele ya wakwe wa watu, nao wakatikisa vichwa kwa heshima.

Uongo. Wapiga tarumbeta tumebaki wawili, na yule wa Jinja hana meno ya mbele. Bado ananizidi.

Harusi ya kawaida. Bwana harusi mwoga, pilau imeungua chini. Bendi yetu ni watu watatu. Mimi na tarumbeta, Wamono na tuba, lile baragumu kubwa la besi, Nambozo na ngoma. Mimi na Wamono tulitoka bendi ya magereza. Nambozo alitoka kwaya ya kanisa, mjane, hacheki ovyo. Pesa ya mwenye harusi tunagawa sawa. Zawadi za wageni zinaingia kofia moja, nazo tunagawa sawa. Hiyo ndiyo sheria yetu.

Wageni wa huku wakifurahi wanakubandika noti kwenye paji la uso. Jasho ndiyo gundi. Tuba la Wamono wanalilisha. Lina mdomo mpana kama beseni la kufulia, hata mlevi hakosi shabaha. Mwisho wa shughuli Wamono analiinamisha juu ya kofia.

Leo limetapika noti tatu. Nilidhani nimeona nyingi zikiingia. Lakini macho yangu ni ya mzee, na nilikuwa natazama pilau.

Naandika Kiswahili. Mama mwenye nyumba, anayenifagilia chumba, anasoma Kigisu, Kiganda na Kiingereza. Kiswahili anakiogopa, anasema ni lugha ya askari. Vizuri.

Jumatano, 27 Mei

Hakuna kazi. Mdomo umepumzika, kichwa hakikupumzika.

Nilikuwa nakumbuka swali langu la mwaka jana. Noti ya kwenye paji ni mapato au ni mapenzi? Nililipeleka ofisi ya kodi. Namba za kodi tulizipata sote watatu siku tulipopiga sherehe ya serikali, maana mhasibu alikataa kumlipa mtu asiye na namba. Tangu hapo kila mwaka lazima useme ulipata nini. Dada wa dirishani, Bi Akello, alicheka mpaka akashika meza. Kisha akasema, mzee, kama imekujia kwa sababu ulipiga tarumbeta, ni mapato. Andika.

Nikaandika yote. Si kwa wema, nataka hilo lijulikane humu. Nilitaka kuona serikali itafanya uso gani ikisikia habari za jasho langu. Haikufanya uso wowote. Ilinikata kodi ndogo, nikanuna siku moja, ikaisha. Nambozo naye aliandika vilevile. Tulikwenda pamoja kwa sababu haniamini nikiwa na kalamu.

Wamono hakuja. Yeye huenda kwa jamaa wa kompyuta karibu na soko, anayemwandikia kila mtu sifuri. Mapato ya mwaka, sifuri. Halafu Wamono anamlipa. Mtu anatoa pesa ili aandikiwe kwamba hana pesa. Nimelicheka hilo mwaka mzima bila kuchoka.

Ijumaa, 29 Mei

Siku mbaya.

Tulipiga kwenye ufunguzi wa kiwanda cha unga, kule Industrial Division. Mwenye kiwanda ni Kalasinga wa Jinja, Bwana Harjit, kilemba cha buluu, mikono ya fundi. Wageni wengi, noti nyingi. Tukapumzika. Wamono akatoweka na tuba lake begani. Lori la unga likarudi nyuma. Tulisikia tuba kabla ya kusikia mtu. Sauti mbaya kuliko zote zilizowahi kutoka mle, na Wamono ametoa nyingi mbaya.

Mguu wa kulia umevunjika chini ya goti. Tuba limebonyea shingo. Lisingepokea bamba la lori kwanza, leo tungekuwa tunapiga wimbo wa aina nyingine, bila besi.

Dereva alilia. Nambozo alifunga mguu kwa fimbo zake za ngoma na leso. Mimi nilisimama tu na tarumbeta mkononi. Kwenye ajali sina faida.

Jumapili, 31 Mei

Hospitali. Plasta mpaka kwenye paja. Daktari anasema hatabeba tuba mpaka msimu wa tohara uishe.

Huo ndio msimu wetu. Mwaka wa tohara Mbale hailali. Ngoma za kienyeji zikinyamaza, wenye pesa wanataka bendi nyumbani, na tunakula kwa msimu huo hadi mwaka mwingine. Wamono akiukosa, atauza tuba. Mchungaji mmoja wa Soroti ameshapiga simu kuuliza bei. Wamono hakumwambia hapana. Tuba likienda, bendi imekwenda. Tarumbeta na ngoma bila besi ni ugomvi wa majirani.

Naogopa. Pia huyu ndiye hunikata nywele za masikio kila mwezi, kwa mkasi mdogo. Mkono wake hautetemeki. Siwezi kumpa sikio langu mtu mwingine.

Nilimuuliza alikuwa akifanya nini nyuma ya lori. Kukojoa, akasema. Choo cha kiwanda kilikuwa upande wa pili, kipya, chenye vigae. Wamono anapenda choo cha vigae kuliko mtu yeyote ninayemjua. Swali nimeliweka mfukoni.

Jumanne, 2 Juni

Bwana Harjit amekuja wodini mwenyewe, na mikate miwili na sukari. Hospitali analipa yeye. Tuba litanyooshwa kwenye karakana yake Jinja. Na kile anachokosa Wamono mwezi kwa mwezi, mpaka asimame, kitalipwa na bima ya lori. Alete tu karatasi zinazoonyesha anapata nini.

Wamono alitabasamu mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili naye akatabasamu. Kalasinga alipoondoka, akanivuta mkono.

"Koplo," akasema. Ananiita hivyo, cheo ambacho magereza walisahau kunipa. "Ukiulizwa, sema napata mara mbili."

"Mara mbili ya nini? Ya ile ya kweli au ya ile sifuri?"

Akageukia ukuta.

Alhamisi, 4 Juni

Nimeanza uchunguzi wangu hapa mtaani kwetu, Namakwekwe. Nimemuuliza muuza chapati, mwenye boda, fundi cherehani, hata mchungaji wa kanisa la mabati. Wewe unapata kiasi gani? Wote wanne walijibu kwa swali moja. Nani anauliza?

Nimegundua jambo. Mtu anayejifanyia kazi ana mapato matatu. Makubwa, ya kuwaambia wakwe. Makubwa zaidi, ya kuwaambia watu wa mkopo. Madogo, ya kuwaambia watu wa kodi. Yale ya kweli hayana wa kuambiwa. Mwalimu hana shida hiyo. Mshahara wake unajulikana, mtu mwingine ameuandika. Sisi hatuna mtu mwingine. Anayejua tulichopata ni sisi wenyewe, na sisi tunadanganya. Basi hakuna anayejua.

Nilimwambia hivyo muuza chapati. Akasema, mzee, nikisema napata, kesho ukoo mzima utakuja na mkono wazi. Sababu nzuri, sikatai. Nikamuuliza, na ukiungua mkono huo, nani atasema ulikuwa unapata? Akasahau kugeuza. Chapati ikaungua. Nilikataa kuilipia.

Jumatano, 10 Juni. Jinja

Nimeletwa pamoja na Nambozo ndani ya lori lilelile, tuba katikati yetu limefungwa shuka kama mgonjwa. Dereva aliendesha taratibu, kila akirudi nyuma anapiga honi mara tano.

Ofisini kwa Bwana Harjit kulikuwa na mama wa bima, miwani kwenye kamba. Ameshapata karatasi za Wamono. Akazisoma kwa sauti. Mwaka huu sifuri. Mwaka ule sifuri. Na ule mwingine.

Bwana Harjit alikuna ndevu. "Sisi tunalipa kile anachopoteza," akasema. "Karatasi yake inasema hapotezi kitu."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa kama fundi anayetafuta nati iliyoanguka.

Mama wa bima akanigeukia. Mgonjwa ametaja kiasi hiki kwa mdomo, mzee, ni kweli? Akanionyesha. Ilikuwa ile mara mbili.

Kichwani nilimwona Wamono kitandani. Nilimwona mchungaji wa Soroti akibeba tuba. Nambozo alikuwa anatazama feni. Uongo nina kipaji nao, nimewadanganya mabibi harusi wasiohesabika kwamba ni wazuri. Lakini zipo karatasi zangu, na za Nambozo, na tunagawa sawa. Uongo wa mdomo nauweza. Uongo wa kupigana na maandishi yako mwenyewe unataka kijana.

"Nusu ya hiyo," nikasema. "Nusu ndiyo kweli."

Mama akaomba karatasi yangu na ya Nambozo, tulikuwa tumekuja nazo. Zinafanana kama mayai. Akauliza mbona mimi nina kitu kinaitwa noti za paji. Nikamweleza. Hakucheka, aliandika.

Kisha akasema wazi. Wamono akienda mwenyewe ofisi ya kodi akasahihisha hesabu yake, na ikikubaliana na hizi mbili zilizoandikwa kabla ya ajali, yeye atakuwa na pa kusimama. Asipokwenda, sifuri ni sifuri.

Nimemsema rafiki yangu mbele ya watu. Inauma. Nimekunywa soda mbili, haikusaidia.

Alhamisi, 11 Juni. Jinja

Sasa najua alikuwa anafanya nini nyuma ya lori.

Fundi wa karakana alipasha shingo ya tuba moto, akagonga polepole kwa nyundo ya mbao. Akapuliza. Hewa haikupita. Akaingiza waya, akavuta. Ikatoka soksi. Ya kijivu, ya magereza, naijua, ninazo za kundi hilohilo. Ndani noti zimeshindiliwa, nyingine zimekunjwa mpaka zimekuwa ngumu kama karanga.

Basi ndivyo. Kila mapumziko anajitenga, anazisukuma chini ndani ya soksi, anaacha tatu mdomoni zituangukie kofiani. Tangu Krismasi tuba lilikuwa na sauti ya mtu mwenye mafua. Tulidhani ni uzee.

Nilicheka. Nikamtazama Nambozo, nikaacha.

Alikuwa amekaa juu ya ndoo. Januari alimwomba Wamono amkopeshe ada ya mjukuu. Wamono alimwambia hana kitu, akageuza mifuko ili aone.

Jumamosi, 13 Juni

Tumepanda kwa Wamono, chini ya mlima Wanale. Ametoka hospitali, amekaa mlangoni na mguu juu ya kigoda. Mvua imenyesha jana, mwamba wote unachuruzika.

Alinianza kabla sijakaa. Msaliti. Tumekula sahani moja tangu magereza na nimemuuza kwa Kalasinga kwa kikombe cha chai. Nikamwambia ilikuwa soda. Nikaiweka soksi juu ya plasta yake.

Mkewe akatoka, akaiona, akarudi ndani.

"Serikali umeificha, sawa," Nambozo akasema. "Hujawahi kula na serikali. Sisi je, Wamono?"

Akasema alianza kwa pesa ya soda tu. Akasema ukishazoea kuandika sifuri kule, na huku mkono unakwenda wenyewe. Hakulia. Afadhali angelia.

Nambozo akampa masharti, sauti ileile anayotumia kununua nyanya. Soksi igawanywe. Hesabu ya kodi isahihishwe. La sivyo auze tuba, na yeye atarudi kwaya.

Kugawa amekubali. Kwenda ofisi ya kodi amekataa. Anasema watamfunga. Mtu aliyepigia wafungwa muziki miaka yote hiyo hawezi kwenda kuusikiliza akiwa ndani. Simu yake ikalia tukiwa palepale. Mchungaji wa Soroti. Akaipokea.

Namchukia leo. Kesho sijui.

Jumatano, 17 Juni

Hakuna habari. Nimejaribu kujikata nywele za masikio mwenyewe kwa kioo. Damu. Mama mwenye nyumba ameniuliza kama nimepigana.

Jumatatu, 22 Juni

Amekwenda.

Alinipigia alfajiri. "Koplo, vaa suruali." Yule dereva aliyelia ndiye aliyempeleka, kwa gari dogo la kiwanda, mguu umetoka dirishani kama mzigo wa miwa. Mimi nilibeba magongo.

Mbele ya Bi Akello alisema yote, kichwa chini, kama mtoto anayesoma sala. Harusi, mazishi, sherehe za wanasiasa. Akafika kwenye soksi, akakwama. Nikamsaidia. Bi Akello akashika meza tena.

Hakuna aliyefungwa. Dada alisema mtu akija mwenyewe kabla hajaitwa, faini inalegezwa. Akapiga hesabu. Kodi ya nyuma yote, ukiiweka pamoja, ni bei ya mbuzi. Mbuzi mwembamba.

Wamono aliuliza, ni hiyo tu? Akauliza tena. Miaka yote hiyo amemkimbia mbuzi akidhani ni chui. Amevunjika mguu akimkimbia.

Nilitaka kumcheka. Nilikuwa na maneno matatu mazuri tayari. Alikuwa amejishika uso kwa mikono miwili, nikayaacha.

Jumatano, 8 Julai

Bima imekubali. Wamono atalipwa kila mwezi fungu lake la bendi, sawa na langu, sawa na la Nambozo, mpaka daktari amruhusu. Mama wa bima alisema karatasi iliyoandikwa baada ya ajali peke yake asingeiamini. Alichoamini ni zile mbili za zamani. Jasho langu limekuwa shahidi. Nimemwambia kila mtu mtaani.

Ile ya soksi hawakuhesabu. Sasa imeandikwa kwa Bi Akello, lakini mama wa bima anasema soksi haina wa kuithibitisha. Kwa hiyo sehemu nono ya mapato yake imepotea kwa miezi hii yote, na hana wa kumlalamikia. Aliificha vizuri mno.

Tuba haliuzwi. Mchungaji ameambiwa, amesema atatuombea.

Soksi tumeigawa mafungu matatu juu ya kigoda. Nambozo alichukua lake bila asante. Sawa tu.

Tumemkodi yule mzee wa Jinja asiye na meno apige tuba msimu huu. Tuba lina pa kupulizia papana, anasema halimbagui. Fungu lake ni sawa na letu. Hesabu yake ya mwaka ataandika mwenyewe, nimeshampeleka kwa Bi Akello akamwone. Alirudi akisema mbona yule dada anacheka sana.

Jumapili, 16 Agosti

Msimu umejaa. Jana tulipiga Nkoma, nyumba ya mtu mwenye ng'ombe na deni. Noti zilikuwa nyingi. Mwenye kutahiriwa alisimama vizuri, hakupepesa jicho.

Wamono alikuja na magongo, akakaa kwenye kiti nyuma yetu. Plasta imefupishwa. Mwisho wa shughuli mzee wa Jinja alitaka kuliinamisha tuba, Wamono akamwambia alete. Akalishika mapajani, akalipindua juu ya kofia, akaligonga mgongo kama mtoto aliyepaliwa. Akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko kuhakikisha. Nambozo alikuwa anafungua ngoma zake. Hakugeuka, lakini aliacha kufungua mpaka mkono ulipotoka mtupu.

Kisha akamwambia Wamono asogee asije akakanyagwa. Ndiyo sentensi ndefu kuliko zote alizomwambia tangu Juni.

Leo nimekaa mlangoni. Wanale iko kwenye ukungu. Najiuliza bado, kama lori lisingerudi nyuma siku ile, ningejua lini? Nadhani nisingejua. Ningeendelea kusema tuba lina mafua.

Masikio yangu yamejaa. Tarumbeta yangu mwenyewe naisikia kama inapigwa chini ya blanketi. Nilibeba tuba lako, Wamono, kutoka Jinja mpaka Mbale, na magongo yako mpaka kwa Bi Akello. Kilichovunjika ni mguu. Mikono yako ni mizima. Njoo siku moja wiki hii na ule mkasi mdogo, unikate hizi nywele. Hilo tu ndilo ninalokudai.